Mafuta ya Magunzi

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Leodegar amehama nyumba. Siku hizi anaishi mgombani na pipa! Amelijaza magunzi ya mahindi, akakandika mfuniko kwa udongo hewa isiingie. Moto chini, na bomba linapita kwenye beseni la maji. Anasema magunzi yakipashwa moto bila hewa hayawaki, yanatoa moshi, na moshi ukipoa unakuwa mafuta. Nikamwambia, "Baba Primus, mimi naunguza chakula miaka yote, mbona sijapata hata tone la mafuta ya taa?" Hakucheka. Mashine yetu ya kusaga imelala tangu Pasaka, dizeli haishikiki. Inamuuma, najua.

Jumatano, 7 Agosti
Yametoka! Meusi, yananuka kama nyama iliyosahauliwa motoni. Kikombe kizima — changu cha harusi, bila shaka. Akachovya tambi, akawasha. Moshi tele, lakini ikawaka! Akanikumbatia na masizi yake yote. Kitenge bado kinanuka. Sijakifua.

Jumapili, 11 Agosti
Kanisani watu wananinusa. Wifi Salvina akanong'ona: eti kaka yake anapika gongo, pombe ya magendo? Moto, pipa, bomba kwenye maji — hata mimi ningeshuku. Nikamjibu, angekuwa anapika gongo angekuwa na marafiki. Alicheka mpaka padre akatutazama.

Jumanne, 13 Agosti
Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ildefonce, kaja na mgambo wawili. Leodegar kampa shikamoo, kaeleza yote: magunzi, moshi, mafuta. Mzee kanusa chupa ya mafuta, akasema: Hii ni gongo, tena mbovu.
"Basi onja, mzee," nikasema. Ulimi wangu huu!
Akaonja kweli! Akatema, akakohoa, machozi yakamtoka. Mgambo mmoja akacheka — na hapo ndipo mambo yakaharibika. Wamemchukua Leodegar kituoni, chupa ndiyo ushahidi. Neno langu moja tu! Hakunilaumu. Alipofika njiani akageuka: "Mama Primus, moto usizime!"
Wifi kamfuata na shati safi. Mimi nilitaka kwenda, nimebaki. Macho yananiwasha, nachochea, naufokea moto kama afanyavyo yeye. Na sasa mafuta yanatoka — kwa wingi kuliko siku zote, mengi kweli — na mwenyewe hayupo kuyaona!