Ukuta wa Kota

Mjukuu wangu Hamisi, mume wangu mdogo,

Huku Kibiti hatujambo, shangazi yako anavuna mpunga Chumbi. Mimi tu ndiye situlii, naingia na kutoka.

Uliniuliza tuliishije kota za serikali bila simu. Ukuta wetu na wa Mama Hadija ulikuwa mmoja. Kila asubuhi mama aliugonga kwa mwiko, naye alijibu. Siku moja kukawa kimya. Mama akaacha uji ukifurika, akatoka mbio kichwa wazi, akamkuta jirani kazidiwa na homa. Alimuwahi.

Simu yako haipatikani tangu Ijumaa, ndiyo maana namtuma nduguyo Shabani na barua hii. Mfungulie mlango, akuone.

Mwiko ninao, Hamisi. Ukuta ndio sina.

Bibi yako