Tetemeko Ilikataa Kuingia Parklands

Alhamisi usiku

Na mbona sikuijaribu hiyo kitu kabla nitoke kwa nyumba, manze?

Nilibeba laptop zangu mbili nzee kutoka Kangemi hadi ofisi ya Engineer Nafula, Parklands, nimwonyeshe programu yangu ya tetemeko, nione kama atanipea kazi. Laptop moja peke yake haiwezi kupiga hesabu ya vile tetemeko ya ardhi ingetingisha mitaa mingi, itachemka. So nimezigawia mitaa: moja Kangemi na Westlands, ingine Parklands mpaka Ngara, zote zinapiga hesabu wakati moja.

Nikabonyeza. Kangemi ikaanza kucheza kwa skrini, nyekundu, yaani mtikiso mkali, kila mahali. Mawimbi yakakimbia hadi mwanzo wa Parklands... yakasimama. Yakageuka, yakarudi kuchapa Kangemi mara ya pili!

Kevo, beshte yangu aliyenisaidia kubeba, akaangua kicheko. "Ata tetemeko imerudishwa na soja wa geti!"

"Kwani sisi wa Parklands tulikuhonga?" Engineer akauliza.

Nilitaka kulia. Nilisahau kuziambia hizo laptop zipashane habari mawimbi yakifika mpakani. Hakuna mwalimu alinifunza haya maneno, ni mimi na simu yangu tu, na kila siku naogopa itaonekana.

"Nipe dakika mbili tu, Madam."

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Nikabonyeza.

Ikavuka! Parklands yote ikawaka nyekundu, pamoja na hiyo jengo tulikuwa ndani. Engineer akainuka, akaangalia dari polepole, akachukua mkoba wake.

"Uanze Jumatatu," akasema akiwa mlangoni. "Na usiwashe hiyo kitu nikiwa ndani."