Dalili Tatu Ulizotuachia

Jumapili, tarehe 8 Februari
Juu ya Kikatiti

Mpendwa dada,

Shikamoo. Kabla sijaandika neno lingine nimejiwekea ahadi kwamba katika barua hii nitakueleza yote, hata yale niliyoambiwa niyaruke. Ninaiandika ikiwa wazi, juu ya meza ya chakula, kwa sababu ndani ya bahasha yake itaingia fomu, na fomu iko kwa baba. Yeye ndiye atakayeifunga. Nimemwambia akitaka kuisoma aisome. Kwa hiyo ukiona mahali nimeandika kwa adabu kupita kawaida yangu, ujue ni kwa sababu yake.

Fomu ni ya kubadilishana vituo vya kazi. Nitafika huko. Nianze na safari, maana kila kitu kimetoka kwenye ile safari.

Unakumbuka baba mdogo alivyokuja kutoka Sekei kabla ya jua kuchomoza, na Noah yake ameiosha kama gari la harusi? Mama alibaki na ng'ombe. Ukakaa mbele, mimi na baba tukakaa nyuma na godoro lako, ndoo yako na mkungu wa ndizi ambao mama alisema utakufaa mpaka uzoee wali. Ulikuwa umepangiwa kituo cha ualimu Mivinjeni, kusini ya Pangani, na hapa nyumbani hapakuwa na mtu aliyewahi kulisikia jina hilo. Baba alikuwa hajazungumza tangu tuondoke. Nadhani ndiyo sababu ulianzisha mchezo kabla hatujafika hata Moshi.

Uliuita Niko Wapi. Mchezaji anataja dalili tatu za mahali fulani pwani, mahali pa mbali, siyo mjini, na wengine wanakisia. Anayekosea anaimba ubeti mmoja. Ukaweka na kanuni mbili. Ya kwanza, usitaje mahali usipotaka kufika. Ya pili, dalili ziwe zinafaa mahali pamoja tu.

Dalili zako zilikuwa kwenye daftari la jalada la kijani. Kumbe kule chuoni kila ulipokutana na mwanafunzi wa pwani ulimwuliza kwao kukoje, ukaandika. Ulijua kisiwa ambacho maji ya kunywa huletwa na boti. Ulijua kijiji ambacho watu hutambuana kwa sauti ya kukohoa, kwa sababu nyumba zimebanana mno. Bahari yenyewe ulikuwa hujaiona hata siku moja. Wakati ule nilidhani kila mwenye dada ana dada wa namna hiyo. Sasa nimekaa na wasichana wengi darasani na nimewasikia wakisimulia dada zao. Najua sivyo.

Baba alijibu "Tanga." Kwa kila dalili alijibu "Tanga."

"Baba, subiri basi nimalize zote tatu," ulimwambia.

"Sihitaji zote. Tanga."

"Tanga ni mji, baba. Tumesema siyo mjini."

"Basi ni pembeni ya Tanga."

Akaimba ubeti. Akakosea tena, akaimba tena. Aliimba kutoka Mwanga mpaka Korogwe, ile sauti yake nzito ya kwaya, na tulipokaribia Segera baba mdogo akasema, "Kaka, nimeshakujua. Wewe hukosei, wewe unatafuta nafasi ya kuimba." Baba akatazama nje dirishani, lakini nilimwona akitabasamu.

Zamu yangu ilipofika nilisema niko mahali penye mchanga, maji na minazi. Baba mdogo alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Hapo umetaja pwani yote, toka Kenya mpaka Msumbiji." Wewe hukucheka. Uligeuka kwenye kiti ukaniambia, "Dalili nzuri ni ile ambayo ukiihamishia mahali pengine inakataa kukaa." Niliiandika sentensi hiyo mkononi kwa kalamu kwa sababu sikuwa na karatasi. Tangu hapo nikiandika insha najiuliza kama maneno yangu yangekubali kuhamishwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili huniuliza nilifundishwa na nani. Nasema ni dada.

Halafu ukatoa ile ngumu. "Niko mahali ambapo barabara ipo mara mbili kwa siku."

"Tanga," alisema baba.

"Mkandarasi gani huyo?" aliuliza baba mdogo. "Asubuhi anajenga, mchana anabomoa?"

Hakuna aliyepata. Ukatueleza kwamba bahari huondoka, ikaacha mchanga mtupu watu wakapita kwa miguu, kisha ikarudi. Baba alikataa kabisa. Alisema yeye ameyajua maji tangu akiwa mtoto, na maji yakishateremka hayarudi. Ukawaza kidogo, kisha ukamwambia, "Baba, ni zamu. Kama mfereji wetu. Leo maji ni ya shamba hili, kesho ni ya lile."

Baba, ambaye ni mwenyekiti wa mfereji na hutatua ugomvi wa zamu hata wakati wa chakula, hapo akakaa sawasawa. "Na mwenyekiti wao ni nani?"

"Mwezi."

"Ana bahati," alisema. "Hapelekewi malalamiko."

Dada, nimelifikiria sana jibu lako hilo. Ungeweza kumweleza baba mambo ya mvutano na sayari, kama yalivyo kwenye kitabu changu cha jiografia, naye angeendelea kukataa mpaka leo. Wewe ulitafuta kitu alichokuwa nacho tayari.

Pale kwenye kivuko cha Pangani baba alichota maji kwa kiganja, akaonja, akasema, "Kweli ni chumvi," kama mtu anayethibitisha taarifa. Akajaza chupa ya kumpelekea mama. Iko hapa kabatini, karibu na tenzi za rohoni, na mama hamruhusu mtu kuimwaga. Ulivua viatu ukasimama maji yakufike miguuni, na mimi sikukusogelea kwa sababu niliona unahitaji kuwa peke yako.

Na Mivinjeni kumbe ndiyo ilikuwa jibu. Tulifika maji yakiwa yamejaa, shule tunaiona ng'ambo, barabara hakuna. Baba mdogo alitaka tutafute mtu mwenye mtumbwi. Baba akasema, "Tungoje zamu." Akakaa juu ya godoro lako kwa muda wa saa mbili hivi, saa yake mkononi, akiyatazama maji yanavyoondoka. Mchanga ulipotokea, wanafunzi walitoka ng'ambo wakikimbia, na kabla hujafungua mdomo wakakuamkia, "Shikamoo mwalimu," mmoja akachukua ndoo, wawili wakachukua godoro, na mdogo kuliko wote akagombania mkungu wa ndizi. Tulipokuwa tunarudi garini baba alisema jambo moja tu. "Maji yale yana nidhamu."

Sasa nifike kwenye yale niliyoambiwa niyaruke.

Mwezi wa kumi na moja baba alimpata Mwalimu Zubeda. Anafundisha shule ya msingi hapa Kikatiti, na kwao ni Pangani. Ana miaka sita huku, bado hulala na soksi, na mama yake kule amezeeka. Anatafuta mwalimu wa kubadilishana naye. Baba hakulala kwa furaha. Mwalimu Zubeda ameshasaini upande wake, na upande wako baba ameweka alama ya msalaba kwa penseli, usije ukakosea mstari. Fomu inatakiwa irudi kabla ya mwisho wa mwezi. Baba aliniambia nikuandikie kwamba mama anaumwa miguu. Ni kweli anaumwa. Lakini mama alinisikia nikiisoma sentensi hiyo kwa sauti, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Futa hapo. Miguu yangu haiingii kwenye barua ya mtu."

"Lakini ni kweli, mama," alisema baba.

"Ni kweli ndiyo. Na ni yangu."

Nimeiandika kwa sababu nimeahidi kukuambia yote, ila nimeiandika pamoja na maneno yake, ili usiisome nusu.

Kingine ni zile dalili zako. Siku ya mwaka mpya ulipotupigia ukiwa juu ya kile kichuguu chenye mtandao, tulikuwa sote tumeizunguka simu ya baba. Ulisema, "Kisieni hii. Niko mahali ambapo maji yana zamu. Kuna kitu kikubwa kinaonekana asubuhi, mchana kinafunikwa. Na kuna watu hawaanzi mpaka nifike." Simu ikakatika. Baba alisema "Tanga" kwa simu iliyokwisha katika.

Nilizipeleka kwa Mwalimu Zubeda. Hakuhitaji hata kufikiri. Alisema ni Mivinjeni, na kwamba siku za bamvua, bahari inapokupwa na kujaa kupita kawaida, fungu kubwa la mchanga hutokea asubuhi, wanawake huenda kutafuta pweza, na ikifika mchana bahari imelifunika. Na wasioanza mpaka ufike ni wanafunzi wako. "Hapo ni kwetu kabisa," alisema, akafuta macho kwa ukingo wa mtandio, na mimi nikaona aibu kwa kuwa nilikuwa nimemletea kama mchezo tu.

Nikaridhika. Lakini wiki iliyopita ilikuwa zamu yetu ya mfereji, nikatoka mapema na mama kwenda kufungulia maji yaingie kwenye kahawa. Mlima ulikuwa wazi wote, mpaka lile bonde lililobomoka upande wa mashariki. Mama alisimama na jembe lake akautazama, akasema, "Uangalie sasa. Saa nne hakuna mlima hapa, ni mawingu." Nikasimama kwenye tope. Nikamsomea zile dalili tatu. Akajibu kabla sijamaliza ya pili.

"Si ni hapa?"

"Na wasioanza mpaka afike?"

"Nani anakata keki ya Krismasi hapa nyumbani? Si yeye? Safari hii ilikaa mpaka ikakauka. Baba yako alikataa isiguswe."

Ni kweli, dada. Tuliila tarehe tatu kwa kuichovya kwenye chai.

Sasa nielewe vipi? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba dalili nzuri ikihamishwa inakataa kukaa. Hizi zako zinakaa huku na zinakaa huko. Mwanzoni nilidhani umekosea, lakini nimekujua miaka yangu yote na hujawahi kutoa dalili mbovu. Halafu kuna kanuni ya kwanza, usitaje mahali usipotaka kufika. Kwa hiyo jibu lolote lililo sahihi ndilo unalotaka, na fomu hii inangojea jibu hilohilo.

Mimi nakutaka nyumbani. Nimeandika hivyo kwa sababu nimeahidi kusema yote. Mwaka huu niko kidato cha tatu, na jioni nikikwama kwenye hesabu nageuka upande wa kitanda chako. Lakini pia huwa nawasimulia wenzangu kwamba nina dada ambaye huangalia mwezi ndipo ajue kengele ya shule ilie saa ngapi, na nikisimulia hivyo nasimama wima. Sijui kama nitaweza kumsimulia dada aliyerudi kwa sababu ya penseli ya baba. Ukirudi kwa sababu unataka, nitakupokea barabarani na kuubeba mzigo wote mwenyewe. Ukibaki kwa sababu unataka, nitaomba nije likizo ya mwezi wa sita, nami ningoje barabara itokee kama baba alivyongoja.

Nilikuwa nimefika hapo, nikaweka kalamu. Baba alikuja akavaa miwani akaisoma yote, amesimama. Palipoandikwa maneno ya mama alikohoa. Alipofika kwenye dalili alikaa, akazisoma tena kwa kidole. Mama alikuwa mlangoni akimtazama. Nilingoja aseme neno kuhusu adabu.

"Tanga," alisema.

Mama alianza kucheka kwa mazoea, kisha akaacha, kwa sababu baba hakuwa anacheka. Aliomba kifutio changu. Akaifungua fomu, akaufuta ule msalaba wa penseli polepole mpaka karatasi ikawa nyeupe, akapuliza, akaikunja na kuiweka juu ya barua. Fomu inakuja, dada, haijaondolewa. Ila hakuna alama tena. Kisha akatoka kwenda kwenye mfereji, na nilimsikia akiimba ule ubeti wa mkosaji, ingawa bado hakuna aliyemwambia kama amekosa au amepata.

Baba ameshajibu, mama ameshajibu, na Mwalimu Zubeda naye. Mimi sijajibu, kwa sababu naona aliyetoa dalili ndiye mwenye haki ya kutuambia. Nijibu kwa basi litakaloleta barua hii, likirudi, dada, hata kama ni kwa neno moja.

Mimi mdogo wako, ninayebaki na kitanda chako nimekitandika,

nauliza: uko wapi?