Banda Lisilo na Nguzo za Kati

Shambani, Minnesota
Oktoba

Mdogo wangu mpendwa Loren,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Marcy, na kwamba jua la Arizona halijawakausha kabisa. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu, nalo si geni kwako. Baba ni mzima. Anakula vizuri, anabishana na redio, na anajenga banda.

Ninaposema anajenga, namaanisha yeye mwenyewe, na uzee wote ule. Tangu mavuno yaishe, meza ya jikoni imekuwa ofisi yake, na mimi nakula nimesimama. Chini amepanga vizuri, siwezi kumsema: mashimo ya nguzo za ukutani yanakwenda chini kupita pale udongo unapoganda, ili baridi isije ikazisukuma juu. Balaa liko kwenye paa. Ameondoa safu nzima ya nguzo za kati. Anataka futi sitini wazi toka ukuta hadi ukuta, na kenchi za kulibeba paa atazigongelea mwenyewe kwa mbao za banda la zamani.

Jumapili baada ya ibada alikuja Harlan Skogen, yule jirani aliyejenga nusu ya mabanda ya huku. Baba akamtandazia mchoro. Harlan akautazama hadi kahawa yake ikapoa, kisha akasema, "Naam, Verlyn, hili ni banda la aina yake," akaomba kipande kingine cha keki. Nilipomsindikiza kwenye gari ndipo akaninong'oneza kwamba theluji nzito ya kwanza italishusha paa lile juu ya ng'ombe, na juu ya yeyote atakayekuwa anawalisha. Nikamuuliza mbona hakumwambia mwenyewe. Akanitazama kama vile nimemwomba avue suruali kanisani. "Ah, Ardis, mtu mzima yule! Nitaanzia wapi?"

Unatujua sisi watu wa huku, Loren. Jumamosi tutakuja wote na nyundo na mabakuli ya viazi vya kuokwa, tutalisimamisha, tutalisifu, na wakati wa baridi tutakuja tena kumfukua Baba chini yake. Nina hasira hadi siwezi kuosha vyombo bila kuvunja kimoja.

Nilijaribu. Nilimwambia aweke japo nguzo mbili tatu katikati, akaniambia niangalie kuku wangu. Nikamtajia theluji, akasema yeye na theluji walijuana kabla sijazaliwa. Mwishowe nikamuuliza tu, hizo nguzo zimemkosea nini?

Ndipo akanieleza, na uso wake ukachangamka kama wa mtoto. Alisema kijana wake hakupenda kamwe kugeuza trekta katikati ya nguzo, na safari hii atakuta nafasi ya kutosha. Kumbe kwenye mazishi ya Mama alikuuliza kama utarudi kulima, nawe ukamjibu kwamba utafikiria. Hukutaka kumuumiza, najua. Yeye ameshakupangia hadi chumba chenye jiko la kuota moto.

Marcy ameniambia kwamba mmenunua nyumba huko. Na Baba aliponiuliza, "Unaonaje, atalipenda?" nilikuwa na nafasi ya kusema kila kitu. Nikasema atalipenda sana. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Harlan hatasema, mchungaji hatasema, na mimi nimeshindwa. Umebaki wewe. Ukimwambia huji, hatalijenga, na sijui kesho yake ataamka kwa ajili ya nini. Usipomwambia, atalijenga. Sijui hata nikuombe lipi, ila piga simu kabla ya Jumamosi.

Msalimie sana Marcy. Baba naye anakusalimu. Amesimama hapa nyuma ya kiti changu bila miwani yake, haoni ninachoandika, ila ananihimiza nikuulize trekta utakalokuja nalo lina kimo gani, asije akakukatia mlango mfupi.

Dada yako akupendaye,
Ardis