Mbuta kwenye Meza ya Chifu Mbori

Jumapili. Mvua ilinyesha wakati wa ibada, ikakata, sasa jua limerudi na Nyamasaria yote inanuka tope na moshi wa malori. Duka nimefungua mlango nusu. Anayetaka misumari atapata. Anayetaka stori aniache leo.

Nimechoka. Uchovu wa kubeba saruji nimeuzoea, una dawa yake, unalala na unaamka. Huu ni wa mtu aliyeibiwa kitu ambacho hawezi hata kusema ni chake.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: mchana nauza mabati, rangi na nondo. Jioni naandika hadithi za shabiki, fanfiki kama vijana wanavyoita, juu ya ile tamthilia ya televisheni, Bandari Mpya. Ni tamthilia ya Kisumu ya enzi reli ilipofika ziwani. Kuna Chifu Mbori aliyewekwa na serikali ya mkoloni, kuna Adongo, mke wake wa tatu, kuna Bwana Shauri, yaani yule mzungu wa wilaya, na kuna Zakayo mkalimani. Kwenye tamthilia kazi ya Zakayo ni kuanguka kwenye matope ili watu wacheke.

Mimi nilimtoa Zakayo kwenye matope.

Niliwaza hivi: mtu anayesimama katikati ya chifu na mzungu, kila neno la kila upande likipitia mdomoni mwake, atakuwaje mjinga? Huyo ndiye serikali yenyewe. Basi nikamwandikia maisha. Wasomaji walitaka ambusu Adongo. Mimi nikawapa kodi ya nyumba, ile aliyotoza mkoloni kwa kila kibanda. Chifu mwenye wake watatu ana nyumba tatu, na nyumba tatu ni kodi tatu, na mjane asiye na ng'ombe hata mmoja anahesabiwa nyumba yake sawa na ya chifu. Siasa ya wakati ule iko humo kwenye hesabu, kabla hata mtu hajashika bunduki. Wengine walilalamika kwamba nawarudisha darasani. Wengine wakabaki, na waliobaki ndio hawa ninaowaandikia leo.

Sikusomea historia. Niliishia kidato cha nne, nikaanza na toroli la misumari pale sokoni Kibuye, nikapanda hadi duka lenye kufuli langu mwenyewe. Vitabu vya historia nilivinunua vikuukuu na kuvisoma nimekalia magunia ya saruji. Lakini hesabu ninazo. Mimi ndiye niliyewaonyesha hapa kwamba mtoto wa kwanza wa Chifu Mbori, kwa jinsi tamthilia inavyopanga miaka, alizaliwa mama yake akiwa na umri wa kwenda kuchunga mbuzi. Nilirekebisha umri wa kila mtu. Kwangu hakuna anayezaliwa kabla ya mama yake.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Mwaka jana niliandika sura ya siku ya kuhesabu nyumba. Bwana Shauri amekuja mwenyewe kuhakikisha hesabu. Adongo anamwandalia mlo. Anampa samaki mzima, kisha hamletei maji ya kunawa mikono mpaka amalize kichwa. Mzungu wa watu anakaa na mikono yenye mafuta, hawezi kushika kalamu, hawezi kushika karatasi. Jua linazama. Nyumba zilizobaki upande wa pili wa kilima hawezi kwenda kuziona, anamuuliza Zakayo ziko ngapi, na Zakayo, kwa uso mkavu kabisa, anapunguza. Kijiji kinapona kodi. Hiyo ya maji ya kunawa niliitoa kwa shangazi yangu, Waya Peres wa Sondu, aliyenilea. Alikuwa akiwafanyia wageni aliotaka wasiondoke mapema.

Alhamisi iliyopita Bandari Mpya ikaonyesha sura yangu.

Yote. Maji, mikono, jua, Zakayo kupunguza. Hata yale maneno Adongo anayomwambia mzungu, "Bwana, hicho kichwa bado kinakuangalia," neno kwa neno. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi na bakuli la njugu, na nilihisi kama mtu anayepita mtaani anakuta jirani amevaa shati lake.

Mwisho wakaandika majina ya waandishi. Watu watatu. Sikuona hata jina moja linalofanana na langu.

Jana Wafula akaja dukani. Ni fundi, mtu wa Port Victoria, anajenga nyumba kule nyuma ya kituo cha mafuta na kila siku ana kitu amesahau. Alikuja anacheka peke yake, simu mkononi.

"Madam, umeona hawa watu wa TV?"

"Unataka nini, Wafula?"

"Waya ya kufungia nondo. Lakini ona kwanza! Mbuta! Wakati wa reli! Sasa huyo mbuta alikuja na treni gani?"

Mtandaoni kumbe walikuwa wanachekwa tangu Ijumaa. Mtu amechora mbuta amevaa kofia ya mzungu, ameshika tiketi ya gari moshi. Kwa sababu mbuta, yule wengine humwita sangara, hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa, akamwagwa majini, na hiyo ilikuwa wakati wazungu wako karibu kufunga virago kupisha uhuru. Babu zetu wa siku za reli hawakumjua.

"Baba yangu alikuwa mvuvi," Wafula akaendelea. "Anasema wazee wa kwetu kuona mbuta mara ya kwanza walifikiri ni shetani ya maji. Hawa waandishi ni watu wa Nairobi tu, aki. Mtu wa ziwa hawezi kosea hivyo."

Nilijifanya napima waya.

"Si lazima wawe wa Nairobi," nikasema.

"Unawatetea?"

"Chukua waya yako uende, Wafula."

Alienda akicheka bado. Mimi nikafungua blogu, nikarudi kwenye ile sura, nikasoma kwa macho yangu mwenyewe nilichokuwa nakijua tayari. *Mbuta mzima, mkubwa hata mkia umetoka nje ya sinia.*

Kosa ni langu. Waliiba hadi kosa.

Na Wafula amekosea jambo moja. Kosa hili mtu wa Nairobi hawezi kulifanya, yeye angefungua kitabu. Lingefanywa tu na mtu aliyekulia hapa, umri wangu, nyumba kama ya kwetu. Sisi tulikula mgongo wazi, ule mfupa unaobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo. Mbuta mzima tulimwona akipita kwenye lori la barafu. Alikuwa samaki wa wakubwa. Kwa hiyo nilipohitaji samaki wa kumweka mbele ya chifu na mzungu, mkono wangu uliandika mbuta bila kuniuliza. Nilikagua umri wa watu wote kwenye hadithi ile, samaki nikamwacha apite.

Nikaandika machache hapa jana jioni, kwamba sura ile ni yangu. Ndani ya muda mfupi mtu nisiyemjua akajibu: "Wewe ndio umeiba ya Alhamisi, acha njaa." Mama Tifa wa Mamboleo, aliyenisoma tangu sura ya kwanza, akamrukia, kisha akaniandikia mimi: "Dadangu, usiguse hiyo sura hata nukta. Tarehe inaonyesha ni ya mwaka jana. Na huyo mbuta ndiye shahidi wako. Maneno wanaweza kusema yamefanana kwa bahati tu. Lakini nani mwingine duniani angemweka mbuta pale? Piga kelele!"

Ana akili, Mama Tifa. Na ana haki.

Kwa sababu blogu hii, ukihariri sura, inaandika chini yake kwamba imehaririwa, na tarehe inakuwa ya leo. Nikimtoa mbuta, sura yangu itaonekana ilizaliwa baada ya Alhamisi. Nipige picha ya skrini? Siku hizi picha ya skrini mtu anaitengeneza akisubiri chai ipoe. Nikimwacha mbuta, nina ushahidi, na nina hadithi ya uongo yenye jina langu juu yake, mimi ninayewasumbua watu na umri wa watoto wa Mbori.

Nilianza kuwaandikia barua pepe hao watu wa tamthilia. Nilifika mstari wa tatu. Ningewaambia nini? Zakayo ni wao. Adongo ni wao. Mbori ni wao. Nimejenga nyumba ya kudumu kwenye shamba la watu, sasa wenye shamba wameingia wamelala kitandani, na mimi nimesimama nje nikipiga kelele kwamba mabati niliyapiga mimi. Wakili wa kwanza atauliza swali moja tu, hawa wahusika ni wa nani, na tutarudi nyumbani.

Leo baada ya kanisa Waya Peres akapiga simu kama kawaida yake ya Jumapili. Anapiga kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Sikumweleza habari ya kuibiwa, angeanza kuomba kwa sauti. Nikamuuliza tu: zamani zile za mama yake, mgeni mkubwa akija kwa chifu, alipewa samaki gani?

"Wakati gani wa mwaka?"

"Mvua ndefu."

"Ningu, nyathina, mwanangu. Mvua ikinyesha ningu wanatoka ziwani wanapanda huu mto wetu kutaga. Maji yanakuwa meusi na samaki. Siku hizi hawako, waliisha. Kwa nini unauliza?"

"Kuna mzungu nataka kumlisha."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mzungu na ningu! Ningu ni miiba mitupu, wewe. Nyembamba kama nywele. Huyo mzungu wako atakula mpaka kesho kutwa, anatoa mmoja mmoja mdomoni. Mama yangu alikuwa anatukataza kuongea tukila ningu."

Nikaanza kupiga hesabu, simu sikioni. Mbuta ni nyama tupu. Mzungu angemmaliza mapema na kwenda zake kuhesabu nyumba. Ujanja wote wa Adongo, niliojivunia mwaka mzima, ulikuwa umesimama kwenye samaki asiye na miiba.

"Na chifu alikuwa na mtego wake mtoni?" nikauliza.

"Chifu avue? Chifu alikuwa anatuma askari. Mitego ile ya kusuka ilikuwa na wenyewe, kila mtu na mahali pake, na mjane anashika pa mume wake. Askari anakuja asubuhi, anainua mtego wa mtu, anaenda. Utasema nini? Umeshapika lakini? Au unakula mkate tena?"

Nikamwambia nimepika. Sikuwa nimepika.

Tangu hapo nimekaa nyuma ya kaunta na hesabu imenikatalia. Nimeandika sura ambayo kijiji kizima kinaponea kwenye sinia moja, na hakuna anayelipa chochote. Wasomaji walishangilia. Tamthilia wakaipenda hadi wakaichukua. Lakini samaki yule alitoka mahali. Kuna mtu aliamka asubuhi ile, mvua imejaza mto, akaenda kwenye mtego wa marehemu mumewe na kuukuta umeinuliwa. Zakayo alimwokolea kodi ya nyumba jioni, baada ya jiko la Adongo kuchukua chakula cha watoto wake asubuhi. Hakuna aliyemuuliza. Mimi pia sikumuuliza. Nilimfunika na mbuta.

Hawa watu watatu wa televisheni walichukua kilichokuwepo. Huyu mjane hakuwepo.

Mama Tifa, najua utasoma hii. Utanikasirikia na sitakulaumu. Bado nina hasira, usifikiri nimeokoka. Nikikutana na mmoja wao pale hotelini wanapopenda kupigia picha ufuo, nitamwambia mbele ya watu. Lakini ushahidi ule ungenifaa tu kama ningekaa maisha yangu yote nikitetea mbuta ambaye hakuwepo ziwani.

Nimeihariri sura. Nimemtoa mbuta, nimemweka ningu. Bwana Shauri sasa anatoa miiba mdomoni mmoja baada ya mwingine na kuipanga ukingoni mwa sahani, kwa adabu ya kwao, huku jua linakwenda. Nilibonyeza kuhifadhi. Chini pakaandikwa: imehaririwa leo. Nilipatazama pale kwa muda mrefu, kama unavyotazama lori lililobeba mali yako likikata kona.

Kisha nikaongeza aya mpya mwanzoni, asubuhi ya siku ile ile, kabla chifu hajaamka. Mwanamke anashuka mtoni na kapu tupu. Tope linashika miguu. Anauona mtego wake ukingoni, umetupwa kifudifudi, na nyayo za viatu kando yake, na kijijini wanaovaa viatu wanajulikana.

Hayumo kwenye tamthilia. Hakuna aliyemtunga kabla yangu, na hakuna wa kunidai.

Jina sijampa bado. Kesho lori la saruji likishashusha, nitakaa chini nimtafutie.