Elifazi kwa Mama Mkwe

Kaka. Nimeaibika mpaka masikio yanawaka. Niko nje ya geti la kina mchumba wangu.

Si unajua leo nilikuja kumwona mama yake, aliyeteleza akavunjika mguu? Na bila yeye kukubali hakuna ndoa! Basi asubuhi nikafungua Ayubu sura ya tano, nikaokota mstari mmoja mtamu, nikafunga.

Nafika, mguu una plasta, uko juu ya mto. Nikakohoa kama askofu: "Mama, ana heri mtu anayeadhibiwa na Mungu."

KAKA. NIMEMWAMBIA MGONJWA HIVYO.

"Nani anasema hayo, baba?"

"Mungu, mama."

"Mungu?"

"Mungu mwenyewe."

Mchumba wangu akajifanya anatafuta kitu kabatini. Mama akanipa Biblia yake: "Soma sura ya mwisho, kwa sauti."

Kumbe yale ni maneno ya Elifazi, rafiki wa Ayubu, na huku mwishoni Mungu anamwambia waziwazi kwamba amemkasirikia, hakusema kweli! Yaani nimemfariji mtu kwa maneno yaliyokemewa!

"Haya, mimi nimeadhibiwa kwa dhambi gani?"

Nikajificha nyuma ya Biblia.

"Endelea kusoma."

Elifazi na wenzake wanaambiwa wampelekee Ayubu ng'ombe saba na kondoo saba, watoe sadaka, naye awaombee.

Mama akafunga kitabu. "Kukuombea, nitakuombea leo hii. Hao ng'ombe waje na wazee wako."

Kaka, amesema WAZEE. Mpigie baba yangu wewe, mimi sauti haitoki.