Mtu Mmoja Asiye na Lebo

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
S.L.P. 418.
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Kesho,

Habari za huko? Najua kila barua huanza hivyo, ila safari hii nataka jibu kweli. Mgongo wako vipi? Bado unainamia saa za watu kutwa nzima? Miaka tisa hujatuandikia, kwa hiyo sijui hata kama nywele unazo. Sisi hapa hatujambo. Mama ana miaka themanini na mbili. Macho yamepungua, ulimi haujapungua hata kidogo.

Mimi nilistaafu mwaka juzi. Miaka thelathini na moja nimekaa masjala nikipanga mafaili ya watu nisiowajua, halafu nikajikuta nyumbani sina hata faili moja la kupanga. Nikaona nitapata kichaa. Ndipo nikanunua kompyuta, nikaanza kuuandika ukoo wetu kwenye programu ya kuchora mti wa ukoo. Nimeshafikisha watu mia mbili na kumi na tatu, kuanzia babu wa babu yetu mpaka kichanga kilichozaliwa mwezi uliopita.

Wingi huo unachanganya. Tuna mababu watatu wenye jina moja, na wote watatu walioa wanawake wenye jina moja. Sijui walikuwa na shida gani. Bahati nzuri programu ina lebo: unaandika neno fupi, unalichagulia rangi, unambandika mtu. Babu wa kwanza nikambandika "mshonaji", wa pili "alihama", wa tatu "wake wanne". Ukitaka mafundi wote wa ukoo, unabofya lebo moja tu, wanajipanga mbele yako. Walikuwa tisa, pamoja na wewe. Wengine nimewapa "hana picha" au "haijathibitishwa", ili nijue wa kuulizia. Shangazi alipoona nimembandika "mkali" alinipigia simu akanifokea dakika arobaini. Lebo nimeiacha.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Masjala tulikuwa na utaratibu: faili lisiloguswa kwa miaka saba linafungwa, linapelekwa chumba cha nyuma. Hakuna aliyeuliza mwenye faili yuko wapi. Mimi nikaja nyumbani na mazoea yale yale. Nikaiagiza programu initafutie kila mtu ambaye hana habari mpya kwa miaka saba. Ikaniletea watu mia na kumi na sita. Nikawachagua wote kwa mkupuo, nikawabandika lebo ya kijivu, "marehemu". Orodha sikuisoma. Wengi wao walikufa kabla sijazaliwa, nikaona kazi imekwisha, nikaenda zangu sokoni.

Wewe ulikuwa namba tisini na nane.

Shangazi huufungua ule mti kwenye simu yake. Akaliona jina lako limegeuka kijivu. Hakuniuliza mimi, akampigia Mama kumpa pole. Niliporudi na kapu langu nikakuta majirani wamejaa sebuleni, wengine wamesimama kwenye ngazi, fundi cherehani wa chini kafunga duka lake, na Mama kakaa kitandani kaishika simu iliyokwisha kukatika.

Nikaeleza. Nikasema kosa ni langu, nimebofya bila kusoma, hakuna aliyekufa. Watu wakashusha pumzi, wakacheka, wakaondoka. Mama hakucheka. Alingoja mlango ufungwe, kisha akaniuliza, "Una hakika ni kosa?"

Mdogo wangu, nilikuonea hasira siku ile. Halafu nikaogopa.

Lebo ile niliifuta palepale. Nikataka nikubandike "yuko nje", lebo ya ndugu wanaoishi ng'ambo, Mama akakataa katakata. "Usimwandike chochote. Atasema mwenyewe." Hata ile ya ufundi akaniambia niitoe. Kwa hiyo katika watu mia mbili na kumi na tatu, ni wewe peke yako usiye na lebo.

Lakini hiyo hiyo "yuko nje" ndiyo iliyonifikisha kwako. Niliibofya, wakatokea watu saba, na mmoja wao ni binti wa Mjomba, yule muuguzi. Nikamwandikia. Akajibu kwamba nyuma ya hospitali anayofanyia kazi kuna kibanda cha fundi saa mmoja mwenye lafudhi ya kwetu, na wagonjwa wanalalamika kwamba kila mteja huambiwa aje kesho. Yeye mwenyewe hajamwona, maana kila akipita anakuta pamefungwa. Barua hii naituma kwenye kibanda hicho. Kama wewe si yeye, ndugu fundi, samahani kwa usumbufu, nakuomba unirudishie.

Kama ni wewe, sikuulizi kwa nini. Sababu zako baki nazo. Simu sikulazimishi, wala picha. Nataka karatasi yenye mwandiko wako, hata mstari mmoja. Programu ina mahali pa kuambatisha ushahidi, na mimi bila ushahidi simwandiki mtu kitu tena.

Shangazi anakusalimu, ingawa bado ana aibu kidogo. Mjomba naye anakusalimu sana. Fundi cherehani anakukumbusha ile saa yake uliyoondoka nayo. Mungu akulinde huko uliko, na mgongo wako aunyooshe.

Ndani ya barua hii kuna bahasha ya kujibia, yenye anwani yetu. Utaona herufi zimepinda na mistari inashuka chini. Hiyo ni kazi ya Mama. Nilitaka kumwandikia, akaninyang'anya kalamu. Alisema ukiuona mwandiko wangu mimi utajibu kesho.

Dada yako, akupendaye hata ukinyamaza.